Sita Hadi Tisa

Treni ya Tanga ilikuwa haijafika tangu asubuhi, na stesheni ya Moshi ilijaa mikungu ya ndizi, magunia na watu walionuna. Ilikuwa Aprili 1978, na mvua zilikuwa zimekula tuta la reli kule Kahe. Salvina, mkata tiketi, aliketi dirishani na gauni lake la maua ya zambarau, akimjibu kila mtu kwamba treni itaingia saa nane. Hakuwa anajua lolote, ila watu hupenda kutajiwa saa.

Theodory alikuja na suruali ya bugaluu iliyolowa tope hadi magotini. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na hakuuliza saa. Aliuliza uwezekano wa treni kufika siku ile ni ngapi katika kumi.

"Kumi," Salvina akasema.

"Unanidanganya, dada. Mimi ningesema mbili hadi saba."

"Chagua moja, kaka. Watu wako nyuma yako."

Hakuchagua. Alieleza, foleni ikiguna, kwamba mwenye kujua kidogo akitaja namba moja amesema uongo. Aseme chini ni hapa na juu ni pale, au aseme tu kipi kinazidi kipi. Treni haikufika. Salvina alicheka njia nzima akirudi nyumbani, na Jumamosi iliyofuata walikunywa chai pamoja.

Jamani, watu hupendana kwa mambo ya ajabu. Kila mchana Theodory alipiga simu stesheni kutoka shuleni, akajifanya abiria, akamuuliza Salvina kama hamu yake ya kumwona leo inazidi ya jana. Salvina alimwita mpuuzi, kisha mpenzi, kisha akamwambia akate simu, bosi anakuja.

Agosti, Theodory akapata nafasi ya kwenda Poland miaka mitatu, kusomea hesabu hizo hizo za kutokujua. Akapanda Kilema, kwao Salvina mlimani, kuposa kabla hajaondoka. Mzee Kastori, baba yake Salvina, alimpokea vizuri, shikamoo ikaitikiwa, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka. Mzee alikuwa na swali moja tu. Binti wa jirani alimngoja mchumba aliyekwenda Ulaya mpaka mvi zikamtoka, naye mzee hakutaka hayo yampate wa kwake.

"Utarudi?"

Mwanamume mwingine yeyote angesema ndiyo. Theodory alifikiri, akaiweka kata chini.

"Sita hadi tisa katika kumi, mzee."

Mzee Kastori aliinuka, akamwaga mbege iliyobaki shinani mwa mgomba. Posa ikaishia hapo. Salvina, aliyesikia yote kutoka jikoni, alimsindikiza mpaka njiani, machozi yakimlenga.

"Ukisema sita, hizo nne umemwekea nani?" akauliza, akageuka asingoje jibu.

Wiki mbili Theodory alipiga simu. Salvina alipoitambua sauti tu alisema treni itaingia saa nane, akakata.

Siku tatu kabla ya safari Theodory alipanda tena Kilema na jani la isale mkononi. Mzee alilipokea, maana kwa Wachaga anayeomba msamaha kwa isale hafukuzwi. Lakini alimwambia kwamba yeye amesamehe, ila binti ana kinywa chake. Theodory akashuka mjini na jani la pili, akapanga foleni stesheni kama abiria wengine.

"Namba zako nilishazisikia," Salvina akasema bila kuinua macho.

"Hukusikia sababu. Sita ni usiponingoja. Tisa ni ukiningoja. Baba yako aliniuliza mimi, na wewe ulikuwa jikoni. Sikuwa na haki ya kukukadiria."

Salvina alikuwa bado anampenda, na hasira yake yote ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Na hiyo moja iliyobaki?"

"Ya Mungu. Ndege, maradhi. Hiyo siwezi kukuahidi."

Mama mmoja aliyekumbatia kuku alisogeza kichwa dirishani akauliza treni itaingia saa ngapi. Salvina alichukua jani, akalilaza katikati ya kitabu cha tiketi.

"Sijui, mama," akasema, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Kisha akamtazama Theodory.

"Kamwambie baba ni tisa."