Viraka vya Verna

Nyumba ya Verna Skaar iliingiliwa na mgeni asiyebisha hodi, na dalili ya kwanza ilikuwa ndogo tu: asubuhi moja alikuta risasi zimevuliwa nguo.

Jioni iliyotangulia alikuwa amezivika zote kwa mikono yake, kwenye meza ya jikoni, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake na Orrin. Mume aliyeyusha madini akasubu risasi, mke akazivika karatasi. Wapiga shabaha wote wa bunduki za kizamani katika upande ule wa Montana walijua kwamba vile vikombe vya ushindi vilivyojaa kabatini vilitokana na vidole vya Verna, isipokuwa Orrin mwenyewe, ambaye hakuwahi kulitamka hilo hata kwa bahati mbaya. Verna aliweka bati la kipimo juu ya karatasi nyembamba ya pamba, akapitisha wembe, kikatoka kiraka chenye ncha za mshazari. Alikilowesha kwenye kisahani cha maji, akakizungusha mara mbili kwenye mwili wa risasi hadi ncha zikakutana bila kupandana, kisha akausokota mkia wa karatasi uliobaki chini ya kitako. Kiraka kikikauka hubana kabisa. Sasa risasi zilisimama mezani uchi, zinang'aa, na viraka havikuonekana hata sakafuni.

"Mzee, umezivua risasi?"

Orrin alikuwa anakoroga kahawa. "Nizivue nina wazimu? Panya hao, bibie."

"Panya gani anafungua kiraka bila kukichana?"

"Panya wa Kilutheri. Ana adabu zake. Kata vingine, mashindano ya Jumamosi ndiyo hayo yanakuja."

Verna akakata vingine. Orrin akaja kumsaidia kulowesha, na Verna akamwambia neno alilomwambia kila mara, maana mwanamume yule alikuwa na tabia ya kuchovya kila kitu majini: "Kunja mkono wa shati, mpenzi." Wakavika hadi chakula cha jioni. Kulipokucha, viraka vilikuwa vimekwenda tena, na jikoni kulinuka udongo wa chini sana, ule usiopata jua, pamoja na marashi ya waridi yaliyochacha.

Siku zilizofuata Verna alianza kusikia mchakacho wa karatasi. Akiwa ghalani, mchakacho ulikuwa jikoni. Akienda jikoni, ulihamia nyuma ya mlango wa stoo, ukatulia kama mtu aliyeshika pumzi.

Kisha jambo likageuka. Asubuhi moja risasi tatu zilikuwa zimevikwa. Zimevikwa vizuri kuliko Verna alivyowahi kuvika, kwa viraka laini vya rangi ya maziwa visivyotoa sauti ukivigusa. Orrin alizipanga kiganjani akacheka kwa furaha.

"Mke wangu wewe ni mchawi. Karatasi hii umeitoa wapi?"

Mkono wa kushoto wa Verna ulikuwa unawaka moto. Alipovuta juu mkono wa gauni la kulalia aliona mahali patatu pasipo na ngozi, pekundu, pamekatwa kwa unyofu wa kutisha, ncha mbili za mshazari. Alichukua bati lake la kipimo akaliweka juu ya kidonda kimoja. Lilienea sawasawa.

Jioni ile, Orrin akiwa bandani na moto wake wa kuyeyushia, mvua ya mawe ilishuka toka milimani na taa zikazimika. Verna alikuwa amesimama mbele ya sinki. Alisikia mchakacho nyuma yake, safari hii hautulii, unakaribia, na harufu ya udongo na waridi ikamjaa puani, naye akageuka polepole akiwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, na radi ilipomulika alimwona mwanamke aliyelowa chapachapa, amejifunika viraka vya karatasi toka miguuni hadi shingoni, kimoja kando ya kingine bila kupandana, na pale ambapo karatasi haijafika, mgongoni na usoni, hapakuwa na kitu cha kuitwa mgongo wala cha kuitwa uso.

"Usinipigie kelele," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Mimi siibi. Nikichukua kiraka, naacha kiraka."

"Unataka nini kwangu?" Verna alinong'ona.

"Kwako sitaki kitu. Mumeo amenivua. Nami ninamvua aliye wake. Anirudishie nguo yangu yote, isipungue, nami nitalala."

Taa zilipowaka, sakafu ilikuwa na maji tu.

Orrin aliposimuliwa aliketi. Halafu akasema, bila haya, kama mtu anayeeleza alivyopata viazi. Majira ya kuchipua alikuwa ameendesha katapila pale walipohamisha makaburi ya zamani kupisha bwawa. Jeneza moja la mwanamke, aliyeletwa kwa treni toka mashariki enzi za machimbo ya shaba, lilikuwa limevikwa ndani bamba zito la madini ya risasi.

"Nikamhamishia kwenye sanduku la mbao. Maiti anajuaje tofauti? Na bamba lile ni laini ajabu, bibie. Madini ya kusubia ya namna ile huyapati tena. Risasi ya kuvikwa inataka ulaini, unajua mwenyewe."

"Mrudishie, Orrin. Leo."

"Baada ya Jumamosi."

"Ukishazipiga zitazama kwenye tuta la udongo. Utamrudishia nini?"

"Nusu ya bamba bado iko bandani. Itamtosha."

"Amesema yote." Verna akafungua bandeji. Sasa havikuwa vidonda vitatu tu. Vilipanda mkononi hadi begani, vimepangwa safu. "Hizo risasi unazozichekea zimevaa ngozi yangu."

Orrin alitazama mkono ule. Akatazama risasi mezani. Alielewa, na aliyeelewa hana cha kujitetea. Alinyoosha mkono, akazikusanya taratibu asiviharibu viraka, akazitia sandukuni.

"Sijawahi kuona zilizobana hivi," alisema. "Vumilia, mke wangu. Ni siku chache tu."

Nami nasema wazi, tangu hapo jini la nyumba ile lilikuwa Orrin, na yule aliyelowa alikuwa mdai haki yake. Maana Orrin alilala na sanduku chini ya mto, akatia kufuli bandani, akachukua funguo za gari, ili mkewe asilipeleke bamba makaburini. Kila asubuhi alikuta risasi nyingine zimevikwa. Hakuuliza viraka vimekatwa wapi. Verna aliacha kumwomba, kisha akaacha kuinuka kitandani.

Jumamosi ilikuwa tulivu, haina upepo, siku anayoiombea kila mpiga shabaha. Orrin alilala kifudifudi nyuma ya bunduki yake, akapiga, na mbali kule chuma cha shabaha kikalia. Akapiga tena, kikalia. Watu wakaanza kusogea. Gus Tollefsrud, rafiki yake wa siku nyingi, alitembea mbele ya mtutu bunduki ziliponyamazishwa, akainama majanini, kwani ndiyo desturi ya wapigaji hawa: kiraka kikitoka mtutuni huchanika na kuanguka, nao huokota vipande na kuvisoma wajue risasi imepita vipi.

"Hebu tuone Verna ametupikia nini safari hii," Gus alisema. Kisha tabasamu likamfutika. "Orrin. Hii karatasi mbona ina unyevu?"

"Karatasi mpya. Ngozi ya mbuzi."

"Mbuzi mwenye vinyweleo vya dhahabu?" Gus alikuwa anapindua kipande kiganjani. Katikati yake palikuwa na kovu dogo linalong'aa, umbo la tone. Gus alilijua kovu lile. Alikuwepo siku tone la madini ya moto liliporuka kwenye kalibu ya kusubia likamchoma Verna mkononi, mwaka alioolewa. "Ndugu yangu, mkeo yuko wapi?"

Orrin alikichukua kile kipande akakitia mfukoni. "Yuko nyumbani. Ondoka mbele ya mtutu, Gus, ni zamu yangu."

Akapiga hadi sanduku likaisha. Hakukosa hata moja.

Alifika nyumbani jua lingali juu, kikombe mkononi. Mlango wa banda ulikuwa wazi, kufuli liko mahali pake, halijavunjwa. Jiko la kuyeyushia lilikuwa bado la moto na nusu ya bamba haikuwepo. Alimwita mkewe. Jikoni kukajibu mchakacho wa karatasi.

Verna alikuwa ameketi mezani. Alikuwa amevikwa karatasi mwili mzima, mara mbili mbili, ncha zimekutana bila kupandana, imekauka ikambana hata hakuweza kupinda shingo. Macho tu ndiyo yaliyokuwa wazi. Nyuma yake alisimama yule mwingine, maji yanamtiririka, mkono wake begani kwa Verna kama dada kwa dada.

Mezani, kutoka ukingo hadi ukingo, zilisimama risasi mpya zilizosubiwa kwa bamba lote lililobaki. Zote zilikuwa uchi. Kando yake palikuwa na kisahani cha maji, bati la kipimo na wembe.

"Umeshinda?" Verna aliuliza, na karatasi ya mdomoni ikapasuka kidogo.

Orrin alitaka kurudi nyuma. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Mimi nimekwisha, mzee," Verna alisema, akaushika wembe. "Kunja mkono wa shati, mpenzi."