Aliyejibu Koridoni

Jumamosi ile ilianza kwa chai na ubishi. Baba mkubwa, kaka yake baba, alitaka kuwahi gereji akamalizie nyaya. Mama mkubwa alitaka kwanza achomekee shati.

"Fundi umeme mzima, shati linaning'inia kama mtoto wa shule," alimwambia, kisha akamchomekea mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni kuja kufua na kula bure, kama kawaida yangu.

Baba mkubwa watu walimwita Taratibu, naye hakuchukia. Hakuwahi kushika waya kwa kuamini tu. Gereji ilikuwa nyuma ya uwanja, meni swichi, ile ya kuzima umeme wote, ilikuwa koridoni ndani ya nyumba, na ukiwa huku huoni kule. Kwa hiyo yeye na mkewe walikuwa na mtindo wao tangu ujana. Mama mkubwa anashusha swichi, anaegemea ukuta palepale, visigino vikigusa saruji ya ukuta, ili asije mtu akaiwasha kwa kujisahau. Baba mkubwa anaita kutoka kazini, "Umezimwa?" Anajibiwa, "Umezimwa, nimesimama hapa." Ndipo anapima kwa testa, ndipo anashika. Akihamia waya mwingine, anauliza upya.

Asubuhi hiyo alibomoa plasta ya ukuta wa gereji. Ndani akakuta nyaya za zamani, zimesokotwa tupu bila hata utepe, zimezikwa kwenye saruji.

"Aliyefunga hizi alikuwa na haraka ya kaburi," alisema, tukacheka.

Alizifuata zinakokwenda. Zilitoka ukutani zikarudi ukutani. Hazikuunganishwa na kitu chochote. Akazikata.

Alipokuja kunywa maji alimtazama mkewe kwa utani. "Leo una papara, mama. Sijamaliza kuuliza, umeshajibu."

"Mimi? Mara ya mwisho hata sikukusikia ukiuliza."

"Ulijibu."

"Umezeeka, Taratibu. Sasa unasikia hata nisiyoyasema."

Alicheka, lakini kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa koridoni.

Klipu za waya zikaisha. Mama mkubwa na mimi tukatoka kwenda duka la vifaa vya umeme, naye baba mkubwa akapandisha swichi ili redio imchangamshe akitusubiri.

"Usiguse kitu mpaka nirudi," mama mkubwa alimwambia getini.

"Nimewahi kugusa?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwetu.

Tuliporudi, geti lilikuwa wazi na watu wamejaa uwanjani. Redio ilikuwa inaimba. Baba mkubwa alilala chali mlangoni mwa gereji, testa mkono wa kushoto, koleo mkono wa kulia. Shati lilikuwa bado limechomekwa.

Jirani alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Alitusimulia. Redio ilinyamaza. Akamsikia baba mkubwa akisema, "Kumbe umesharudi? Umezimwa?" Sauti ikajibu, umezimwa, nimesimama hapa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Kisha redio ikarudi ghafla.

"Sauti ya nani?" baba mdogo akamuuliza. Huyu ndiye mdogo wake marehemu, na alikuwa na haraka ya kuuliza.

Jirani alimwangalia mama mkubwa. Akainamisha kichwa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia na haijaisha mpaka leo. Mama mkubwa alikuwa na mimi. Muuza duka alimwona. Nilisimama kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee na wake zao, nikasema hivyo. Nimeshinda midahalo chuoni kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Ahsante, binti. Umetusaidia. Mtu wa kawaida hawezi kuwa dukani na koridoni kwa wakati mmoja."

Vichwa vikatikisika vikikubali. Yaani angekuwa nyumbani, ameua. Alikuwa dukani, ameua kwa uchawi. Nitajie mwanamke anayeweza kuchomoka kwenye mtego wa namna hiyo! Mama mkubwa hakujitetea. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Acha, mwanangu. Hata mimi ningemjibu vile vile."

Aliondoka na begi moja. Baba mdogo akachukua funguo, "kuitunza nyumba."

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua cherehani ya mama mkubwa. Ilikuwa mchana, jua kali. Nilimkuta baba mdogo gerejini peke yake, akimalizia nyaya za marehemu. Kazi alifundishwa na kaka yake.

"Umeshazima?" nilimuuliza.

"Nimezima mwenyewe. Unadhani mimi mjinga?"

Nikaanza kumwambia yote niliyoyabeba. Kwamba amemfukuza mjane. Kwamba anajua hana hoja. Alinipa mgongo, akanyanyua koleo. Kisha, kwa mazoea aliyoyapata utotoni kwa kaka yake, akaita, "Umezimwa?"

Nyumba ilikuwa tupu.

"Umezimwa, baba mdogo. Nimesimama hapa."

Sauti ilitoka koridoni.

Ilikuwa yangu.

Aligeuka polepole. Aliutazama mdomo wangu. Ulikuwa umefumbwa. Koleo likaanguka. Nilitaka kusema, umeona sasa, umeona kwamba hakuwa yeye? Lakini niliyaona macho yake yakibadilika, na nikajua ameona kitu kingine kabisa.

"Kumbe alikurithisha," alinong'ona.

Akakimbia. Nikasikia geti likijipiga.

Nilikwenda koridoni. Swichi aliyoizima ilikuwa juu, imewashwa. Chini yake palikuwa na nyayo mbili za saruji mbichi, visigino vikigusa ukuta. Hakuna nyayo za kuja. Hakuna nyayo za kuondoka. Nilivua kiatu, nikaweka mguu wangu hewani juu ya unyayo mmoja, bila kugusa.

Ulilingana.

Kikao kingine cha ukoo ni kesho. Wataniuliza nilikuwa wapi. Nitasema kweli, nilikuwa gerejini, mbele ya macho yake, na kweli hiyo ndiyo itakayonimaliza. Mama yangu mzazi ameanza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo.

Leo asubuhi nilikuwa nikinawa miguu. Siku ile ya koridoni nilivaa soksi na viatu vya kufunga, na tangu hapo nimeoga kila siku. Maji yalitoka ya kijivu. Katikati ya vidole vyangu, vyote, kulikuwa na saruji.

Ilikuwa bado mbichi.