Probox ya Awadh

Jumamosi saa tano asubuhi, Buguruni ilikuwa haina pa kuweka mguu. Viatu vya mitumba vilikuwa vimetandazwa mpaka ukingoni mwa lami, pikipiki zinapenya kati ya watu, na kila duka limefungulia spika yake. Salsabil alipita katikati ya vurugu hilo akiwa amekumbatia shokapu ya gari iliyofungwa gazeti. Baibui lake jeusi lilikuwa na nakshi ya rangi ya zambarau mikononi, na harufu ya udi ilimtangulia kila alikopita. Alikuwa ameshaulizia maduka manne ya vipuri. La tano lilikuwa la Awadh.

"Assalaam alaykum. Mna hii?"

Awadh alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, vidole vyeusi kwa grisi. Alifungua gazeti, akaitazama shokapu, akaguna.

"Waalaykum salaam. Sina. Na Buguruni nzima hutaipata, inaagizwa Dubai."

"Basi niagizie."

"Nikikuagizia hii, mwezi ujao utarudi kutafuta ya upande wa pili. Halafu utarudi kutafuta pampu yake. Mie nitatajirika, bibie, ila wewe utakuwa nyumbani unalitazama gari."

"Kumbe ndivyo unavyouzaga? Unafukuza wateja?"

"Nafukuza wale ambao ningependa warudi kwa jambo jingine."

Salsabil akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa muda mrefu hajajisikia akicheka.

Alikuwa mjane wa miaka miwili. Mumewe, Hudhaifa, alimwachia nyumba Kigamboni na gari kubwa jeusi la kifahari, ambalo alipokuwa hai watu waliliachia njia kabla hawajamwona dereva. Salsabil alikuwa na leseni tangu usichana, lakini Hudhaifa hakumruhusu kugusa usukani hata siku moja. "Hili si gari la kujifunzia," alimwambia. Sasa lilikuwa uani, limelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa, na Salsabil alikuwa akilifuta vumbi kila Ijumaa. Hakuwa na mtoto. Alipika chakula cha mchana cha maofisi na pilau za shughuli, akivipeleka kwa bajaji za kukodi. Jioni alikula peke yake jikoni, amesimama.

Wifi yake, Wahiba, alikuja mara moja kwa mwezi, akatazama uani kwanza kabla ya kuingia ndani. "Usije ukaliuza, wifi," alikuwa akisema. "Gari la kaka ndio heshima ya nyumba hii. Likiondoka, watu watasema tumefilisika."

Awadh naye alikuwa na upweke wake. Mkewe alidai talaka akahamia Maskati, na tangu hapo yeye aliishi vyumba viwili Temeke, akala mgahawani meza ileile. Alikuwa na Probox nyeupe ya miaka mingi, gari dogo la mizigo lenye mkwaruzo mlango wa nyuma. Haijawahi kulala barabarani.

Walianza kupigiana simu. Mwanzoni habari ilikuwa shokapu. Baada ya wiki mbili hakuna aliyeitaja tena.

"Leo umepika nini, mama wa biriani?"

"Sikuambii. Utaleta njaa zako mpaka huku."

"Nakuja sasa hivi. Probox ishawaka."

"Hiyo friji yako yenye matairi?"

"Itukane tu. Ila friji hii ukiiwasha, inawaka. Lile dude lako jeusi likiwashwa linauliza kwanza wewe ni nani."

Kila alasiri Salsabil aliiweka simu karibu na kibao cha kukatia vitunguu. Isipolia, nyumba ilikuwa kubwa mno. Mara mbili Awadh alivuka daraja kuja kumpelekea vyombo vyake mjini, Salsabil amekaa kiti cha nyuma kwa kuchelea maneno ya watu, sufuria ziko nyuma yake zinagongana, na wote wawili wanacheka kwenye kioo.

Siku moja Awadh akasema, bila mzaha: "Salsabil, nataka kuja kwa kaka zako. Unasemaje, roho yangu?"

"Subiri harusi ya Lujain ipite," Salsabil akajibu. Lujain alikuwa binti wa Wahiba.

Harusi ilikuwa ukumbini Kinondoni. Salsabil alivaa gauni la kijani lililodariziwa dhahabu, hina mpaka viwikoni, na Awadh alimfuata nyumbani akiwa ameiosha Probox mpaka mkwaruzo ukaonekana zaidi. Njiani alimsifu, na yeye alijibu kwa maneno machache. Walipobakiza mita mia mbili, Salsabil akamgusa bega.

"Nishushe hapo kituo cha mafuta. Wahiba na mumewe watanipitia."

"Ukumbi si ule pale?"

"Awadh, tafadhali. Pale mlangoni wanapiga video. Kila mtu anaangalia nani kashuka kwenye nini."

Awadh akaegesha. Hakugeuka. "Haya, bibi. Shughuli njema."

Alimwona kwenye kioo akisimama kando ya pampu za mafuta, ameinua gauni lisiguse oili, mpaka gari la shemejiye lilipokuja, refu na jeupe linalong'aa, likambeba mita mia mbili zile.

Awadh aliamini amemwonea haya yeye. Salsabil alijiambia kwamba aliogopa tu mdomo wa Wahiba. Ukweli ulikuwa nusu kwa nusu, na ndiyo maana kila mmoja ulimuuma.

Kesho yake simu haikulia. Wala wiki ile. Salsabil alisubiri apigiwe, kwa sababu mwanamume ndiye anayeanza. Awadh alisubiri aombwe radhi, kwa sababu yeye ndiye aliyeumizwa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta pia. Miezi ikapita hivyo, wakiwa mji mmoja.

Kwa ukaidi, Salsabil akaagiza ile shokapu Dubai kwa duka jingine. Gari likanyanyuka. Kwa mara ya kwanza akakaa nyuma ya usukani wake, akaendesha, na Wahiba akampigia kumpongeza: "Sasa umekuwa mtu!" Lakini ndani ya gari lile, vioo vyeusi vimepandishwa, hakusikia sauti ya mtu wala ya barabara. Alikumbuka kwamba hata Hudhaifa alipokuwa hai, waliokaa kiti hiki na kile walikuwa hawazungumzi.

Siku aliyobeba pilau ya hitma kupeleka Temeke, gari likazima ghafla, umbali mfupi tu baada ya kuvuka daraja. Taa zote zikawaka, milango ikajifunga. Jua la saa sita lilikuwa kali, na sufuria nne za chakula zilikuwa nyuma. Watu walipita, wakalitazama gari, wakadhani mwenye gari kama hilo ana watu wake wa kumsaidia. Hakuna aliyesimama. Alifungua simu, akashuka na majina mpaka akafika kwa Awadh. Kidole kikakaa pale. Alijua angekuja. Kwa sababu alijua angekuja, alishindwa kupiga. Mwishowe akahamishia sufuria kwenye bajaji ya kukodi; walioalikwa hitmani walikula alasiri, chakula kimepoa, na mwenye shughuli hakumpigia tena.

Wiki ile ile akaliuza gari kwa mtu mmoja anaitwa Stanley, aliyelizunguka mara tatu huku akijipiga picha. Wahiba alikuja akalia sebuleni kama vile kaka yake amekufa upya. Salsabil alimpa maji, akamwacha alie. Kisha, mchana wa siku iliyofuata, akapiga simu.

"Awadh. Ni mimi."

"Najua."

"Nataka kununua gari. La kwenda, si la kuangaliwa. Utakuja kunikagulia?"

"Kesho saa nne. Yadi ipi?"

Walikutana Kinondoni, katikati ya magari yanayometa juani. Awadh alikuwa amekonda. Alimsalimia bila kumtania, akaenda moja kwa moja kwenye kazi: akasikiliza injini, akalala chini kutazama kama inavuja, akaliendesha kuzunguka mtaa. Alipita magari manne ya bei kubwa, akasimama kwenye Probox ya rangi ya fedha.

"Hili vipuri vyake utapata mpaka Kibamba. Na sufuria zako zitaingia zote."

"Awadh, siku ile ya harusi nilikukosea. Nilikuwa mjinga. Nilimwonea haya mtu ambaye sikupaswa kumwonea haya."

Alifuta mikono taratibu kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Ila Salsabil, mama yangu alinitafutia mtu Tanga. Binti wa ami yangu, mwalimu. Posa imepelekwa mwezi uliopita."

Fundi wa yadi alikuwa akipiga honi moja baada ya nyingine, akizijaribu. Salsabil alisubiri amalize.

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema. Hajanikosea kitu."

"Ningepiga mapema..."

"Nami ningepiga." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Sote tulikuwa na simu."

Baada ya malipo, Awadh alimkabidhi funguo mkononi, akiwa mwangalifu vidole visigusane, akamwambia abadilishe oili mapema na asisikilize mtu yeyote anayetaka kumwekea taa za urembo. Salsabil akatabasamu. Akamtakia ndoa yenye heri, kwa sauti iliyotulia mpaka neno la mwisho.

Alirudi Kigamboni taratibu, vioo wazi, upepo wa bahari unapiga mtandio. Gari halikumsumbua hata kidogo. Alipokuwa anafunga geti, simu ikalia.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Alhamdulillah."

Hakuna aliyekata. Salsabil aliegemea geti, akamsikia anavyopumua, na nyuma yake kelele za Buguruni. Walikaa hivyo muda ambao ungetosha mtu kusema chochote. Kisha Awadh akamwita jina lake, mara moja tu, na simu ikakatika. Salsabil akaingia ndani kuosha mchele wa kesho.