Mlango wa Karakana ya Fernand

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Odile alikuwa jikoni akipika ployes, zile chapati nyembamba zenye vitundu. Akasikia nyundo uani. Ko! Ko! Ko!

"Ameanza tena," alisema peke yake.

Mumewe, Fernand, alikuwa akipigilia kipande cha mbao chini ya mlango wa karakana. Kila majira ya baridi mlango ulikwama, naye aliupunguza kwa randa. Kila baridi ilipokwisha, nafasi ilibaki chini, panya wakaingia. Basi aliongeza mbao. Kwenye baridi anakata, kwenye joto anaongeza. Miaka minne sasa.

Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao, hatua nne kwa tano. Fernand alikijenga mwenyewe mwezi wa Julai, juu ya udongo mtupu. Humo alitengeneza viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Watu wa bonde zima walivipenda.

Lakini Odile alikichukia kibanda kile. Januari iliyopita kilimfungia mumewe. Mlango ulibanwa, kisha theluji ya paani ikaporomoka mbele yake. Simu Fernand aliisahau mezani nyumbani. Dirisha lilikuwa dogo, mkono tu ndio ungepita. Alipiga kelele, upepo ukazimeza. Kuni zikamwishia. Odile alipoona hajaja kula, alitoka mbio, akatwaa shoka lililotundikwa ukutani nje ya karakana, akaipangua theluji, akauvunja mlango. Alimkuta mzee wake anatetemeka, vidole viwili vimekuwa vyeupe kama chaki.

Tangu siku ile shoka lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Odile hakukubali litolewe.

"Mzee, kivunje hicho!" alipaza sauti dirishani.

"Mama, nikivunja, mikono yangu nitaipeleka wapi?"

Odile alirudi kugeuza chapati. Aliijua mikono ile. Isipokuwa na kazi, mwenyewe huugua.

Wakati huo jirani yao Zelia aliingia uani kurudisha sufuria, Odile akatoka kuipokea. Zelia alikuwa fundi seremala. Alijenga maghala ya viazi kwa miaka thelathini, na mafundi wenzake walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa chenye kipovu cha kupimia usawa, kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda.

"Shemeji Fernand, mlango huo umekukosea nini?"

"Ni mkorofi, Zelia. Haukai umbo moja."

Zelia alicheka. Alichukua pimamaji ya Fernand, akaiweka sakafuni mwa karakana. Kipovu kikakimbilia pembeni, kikagoma kurudi.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Inayoumwa ni ardhi, wewe unatibu mlango. Odile, ukiweka chupa iliyojaa maji kwenye friza, inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Naam. Maji yakiganda hutanuka. Udongo huu ni wa mfinyanzi, haupitishi maji, huyashika. Ukiganda, unavimba na kuinua kona hii. Kona ile ni kavu, haiinuki. Kibanda kinapinda, mlango unabanwa."

Fernand alikuna kichwa. "Basi nimwage zege kwenye kona?"

"Zege la juujuu litainuliwa vilevile. Kibanda kidogo kinataka kitanda cha kokoto. Maji yapite chini, yaende zake."

"Na theluji iliyomfungia?" Odile aliuliza. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Zelia alitazama paa. "Nani aliweka mlango chini ya mteremko wa paa?"

Fernand alikohoa. "Nilitaka niuone mto nikiwa kazini."

"Utauona dirishani, shemeji! Mlango uhamie ukuta wa pembeni, paa lisikomwaga theluji. Tena ufunguke kwa ndani. Theluji ikijaa nje, unauvuta, unatoka na koleo."

Odile alishika kiuno. "Haya, jengeni. Lakini ukikwama hata mara moja, kibanda kitakuwa kuni."

"Nami nitakuja kupasua," alisema Zelia.

Jumamosi iliyofuata majirani wanne walikuja kwa msaragambo. Odile aliwapikia mchuzi wa kuku na viazi. Walikiinua kibanda kwa jeki, wakakitelezesha pembeni juu ya magogo. Waliondoa majani na udongo wa juu. Wakachimba kina cha mkono mpaka kiwiko, na mfereji wa kutoa maji. Wakajaza kokoto safi isiyo na vumbi, wakaishindilia, wakapima kila upande. Kitanda kile kilizidi kibanda kwa hatua moja kila upande.

Juu yake walilaza boriti mbili zilizotiwa dawa. Kibanda kikarudi, hewa ikipita chini ya sakafu. Kabla ya kutoboa mlango mpya, Zelia alipima kwa mshazari kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kona zile nyingine mbili.

"Vipimo vikilingana, kibanda kimenyooka," alisema. "Visipolingana, usiguse msumari."

Vililingana.

"Dirisha nalo tulipanue," alisema Odile. "Mtu mzima apite."

Hakuna aliyembishia.

Januari ikarudi. Theluji ilianguka siku tatu. Siku ya nne Fernand alikuwa karakanani tangu asubuhi. Saa ya kula ilifika, hakutokea. Odile aliogopa. Alibeba sufuria ya mchuzi kwa mikono miwili, akapita theluji ya magotini.

Alifika mlangoni. Hakuwa na mkono wa kugonga. Akausukuma kwa nyonga.

Ukafunguka bila hata kulia.

Fernand aliinua kichwa. Jiko lilikuwa linawaka, naye alikuwa anasuka kamba za kiatu. "Mama! Saa ya kula imeshafika?"

Odile aliweka sufuria, akaketi juu ya gogo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umemshuka.

"Unacheka nini?"

"Kula kwanza."

Alirudi nyumbani. Muda mfupi baadaye akaja tena, safari hii na shoka. Akalitundika ukutani nje ya karakana, kwenye msumari wake wa zamani.

"Likae hapa," alisema. "Jikoni kwangu halina kazi tena."