Pazia la Madarasa Mawili

Siku ya gulio, Bunda imefurika watu. Wankyo, kitenge cha njano kiunoni na kalamu kaichomeka kwenye nywele, akaona kijana mrefu, mikono ya shati imejaa vumbi la chaki, amesimama mbele ya meza yake.

"Dada, nataka kitenge kipana kuliko vyote."

"Mkeo mnene kiasi gani?"

"Sina mke. Nina darasa la kwanza na la tatu ndani ya chumba kimoja. Nataka pazia la kuwatenganisha."

Wankyo alicheka hadi majirani wakageuka. Akamkatia mita sita, akaongeza moja ya bure. Mwezi haujaisha, Leodgar, mwalimu wa shule shikizi kule Murangi, akawa anampigia kila mapumziko ya saa nne.

Mpaka siku moja kicheko cha mwanamke kikapita kwenye simu, laini kama mafuta ya nywele.

"Nani huyo?"

"Mwalimu Pelagia, mpenzi. Kaletwa juzi, anafundisha la kwanza."

"Yuko wapi?"

"Hapa hapa. Nyuma ya pazia."

Wankyo akakalia furushi la vitenge. Pazia! Lile alilolikata kwa mkono wake mwenyewe, na mita ya bure juu! Siku tatu hakupokea simu. Aliikodolea macho picha ya Pelagia ya WhatsApp mpaka akajua idadi ya rasta zake. Siku ya nne akavaa gauni jekundu, gauni la kwenda kumwacha mtu, akapanda bodaboda hadi Murangi.

Aliingia darasani bila hodi, akampita Leodgar ubaoni, akalivuta pazia kwa nguvu. Upande wa pili Pelagia amepiga magoti kati ya watoto arobaini, anamfuta mmoja kamasi.

"Shikamoo mgeni!" madarasa yote mawili yakaimba.

"Marahaba. Mimi ni Wankyo."

Chumba kikalipuka. "Wankyo wa hesabu! Bado una vitenge arobaini na nane?"

Akageukia ubao wa darasa la tatu. *Wankyo amepigiwa simu mara saba kila siku, kwa siku tatu. Hakupokea hata moja. Ni simu ngapi?*

Pelagia akainuka. "Karibu, dada yangu. Huku nyuma nasikiaga kila kitu. Asubuhi Wankyo, mchana Wankyo. Nafundisha a, e, i, o, u, watoto wananiandikia W. Hebu mwambie apumzike."

Leodgar alikuwa ameshika chaki kama mtu aliyeitwa ubaoni na jibu hana. "Nilijua umeniacha."

"Ndicho kilichonileta. Na nauli nimeshatoa."

Kicheko kilimpanda Wankyo kooni, akakimeza. Akampokonya chaki, akafuta swali, akaandika lake: *Leodgar ana ng'ombe tisa. Jumamosi anapeleka wanane Butiama, kwa baba yake Wankyo. Anabaki na wangapi?*

"Mmoja!" darasa la tatu likajibu.

Leodgar akakohoa, macho yanang'aa. "Na huyo mmoja, mwalimu mgeni, ni wa nini?"

Kabla hajajibiwa, sauti nyembamba ikatoka upande wa la kwanza, kwa wale ambao hesabu ya kutoa hawajaianza:

"Wa maziwa ya mtoto!"

Pelagia akacheka. Kicheko kile kile cha kwenye simu. Wankyo akamtazama rasta moja baada ya nyingine.

"Mwalimu Leodgar," akasema, "Jumatatu nakuletea pazia la pili. Hili linapitisha sauti."