Tekla na Njia ya Mchanga

Tekla alikuwa mkunga wa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Goweko, mkoani Tabora. Kila siku alitembea kwa miguu kuwaona wajawazito, hadi mwaka 1975, kijiji kilipompa baiskeli. Kuendesha alijua. Alijifunza Tabora mjini wakati wa mafunzo ya ukunga, kwenye kiwanja cha mpira kule Chemchem.

Siku ya kwanza alifunga sanduku la dawa nyuma, akapanda. Watu waliokuwa wakifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti wakaacha kazi, wakamtazama. Alipofika kwenye mchanga, usukani ukayumba. Akaanguka puu! Chupa za dawa zikavunjika. Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Masolwa, mkulima mmoja wa tumbaku.

Tekla aliisukuma baiskeli hadi kwa jirani yake, Dionis, mwalimu wa michezo shuleni.

"Mwalimu, waambie viongozi wa kijiji waichukue baiskeli yao. Kumbe sijui kitu."

"Unajua, dada. Ulijifunzia wapi?"

"Kiwanjani. Pagumu, tena pametulia."

"Ulibeba mzigo?"

"Hata."

"Na watu walikuwa wakikutazama?"

Tekla akatikisa kichwa kukataa.

"Basi mwili wako umezoea kiwanja," Dionis alisema. "Mwili haujifunzi kazi tu. Hujifunza kazi pamoja na mahali pake: udongo, mzigo, hata macho ya watu. Vikibadilika, mikono na miguu hushangaa. Jifunze pale pale utakapopita. Anza na mchanga kidogo. Ukizoea, funga gunia la pumba. Halafu pita penye watu."

Tekla akaanza upya. Alianguka tena, akainuka. Taratibu aliacha kuukaba usukani. Mvua ziliponyesha, alifanya mazoezi kwenye matope pia, maana matope si mchanga.

"Mama mkunga, usituangukie!" Masolwa alipiga kelele siku moja.

"Nipishe basi!" Tekla alijibu, akapita bila kuyumba.

Adhuhuri moja Masolwa alikuja mbio. "Mke wangu Apolinaria ameshikwa na uchungu, kule mashamba ya mbali!"

Tekla alifunga sanduku, akapanda. Alipita mchangani, akapita matopeni, akapita mbele ya watu wote. Masolwa alibaki nyuma akikimbia.

Masolwa alipofika, jasho likimtiririka, mtoto alikuwa tayari analia mikononi mwa Tekla. Apolinaria akamtazama mumewe.

"Baba, mbona umechelewa?"