Sauti Isiyohema

Kila Ijumaa, watu wakisharudi msikitini na sinia la wali likiisha kuondolewa, nyumba ya akina Wijdan kule Manah, Uarabuni, ilikuwa na shughuli moja isiyokosekana. Bibi Kuruthum alijisogeza ukutani, akaegemea mto wake, akamiminiwa kahawa, kisha akasema, "Haya mwanangu, niletee Mmarekani wangu."

Mmarekani wake alikuwa Luay, mjukuu wake, mtoto wa Mazoon, shangazi yake Wijdan, aliyeolewa akahamia Ohio. Luay alizaliwa na kukulia Marekani, na sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Adelaide, Australia, akisomea miamba. Kwa nini mtu atoke Marekani aende kutazama mawe Australia, na hapa Manah mawe yamejaa mpaka ndani ya viatu, Bibi hakuwahi kuelewa. Lakini kila Ijumaa Luay alimtumia ujumbe wa sauti. Kwa kuwa macho ya Bibi yalikuwa na mtoto wa jicho, kazi ya kuufungua ujumbe ule ilikuwa ya Wijdan, msichana wa miaka kumi na miwili.

Kiswahili cha Luay kilichechemea, lakini habari zake zilikuwa tamu. Alisimulia kuhusu Minh, kijana wa Kivietinamu aliyekaa naye chumba kimoja, aliyemfundisha kupika supu ya tambi. Alisimulia mchezo wa kriketi alioutazama kutwa nzima na kurudi nyumbani bila kujua nani kashinda. Alisimulia safari ya kisiwa cha Tasmania, ambako mnyama mdogo mweusi alilia porini kwa sauti mbaya mpaka vijana wazima wakakimbilia garini. Siku ile Bibi alicheka hata kahawa ikammwagikia.

"Msikie anavyohema," alisema Bibi kila mara. "Anapanda kilima cha kwao huyo."

Ni kweli. Luay alirekodi akitembea, akitoka kituo cha basi kupanda kwenda nyumbani kwake, na pumzi zake zilisikika baina ya maneno. Alipokuwa mdogo aliletwa Manah likizo, akashikwa na pumu. Bibi alimlaza kifuani pake, sikio karibu na mdomo wake, mpaka pumzi zikatulia. Tangu hapo Bibi aliziamini pumzi za Luay kuliko maneno yake.

Sasa tuje kwa Wijdan na simu. Simu ilikuwa ya Bibi, lakini aliyeichezea kutwa alikuwa nani? Alhamisi moja Wijdan alitaka kuingiza mchezo mpya, simu ikakataa kwa kuwa imejaa. Wakati huohuo ujumbe wa Luay uliingia, siku moja kabla ya kawaida yake. Wijdan akaufungua. "Bibi, nisikilize vizuri," ilisema sauti, "kesho mimi nakwenda..." Wijdan akaukata, akijiambia kwamba atausikia kesho pamoja na Bibi. Akaanza kufuta hiki na kile ili apate nafasi, na katika haraka yake akaufuta na ujumbe wenyewe.

Angeweza kusema palepale. Baba yake, Nadhir, angemgombeza, Bibi angesikitika kidogo, na mambo yangekwisha. Lakini mchezo ulikuwa umeshaingia na ulimi wake ukawa mzito.

"Kuna kitu?" aliuliza Bibi siku ya pili.

"Bado, Bibi."

Wijdan alimwandikia Luay kwa siri, akamwomba atume tena. Ikatokea alama moja tu, ile ya kuonyesha kuwa ujumbe umetoka lakini haujafika. Alama ile ilibaki moja Jumamosi, ikabaki moja Jumatatu. Ijumaa nyingine ilipokuja, bado ilikuwa moja. Bibi hakumaliza wali wake.

"Luay hakawii namna hii," alisema. "Kuna jambo."

Shuleni, Rawya, rafiki yake Wijdan, alikuwa na kitu cha kujivunia. Simu ya kaka yake ilikuwa na programu ya kuiga sauti. Unailisha sauti ya mtu, unaandika maneno, nayo inayasema kwa sauti ya mtu yule. Wijdan akaona mlango wa kutokea. Aliporudi nyumbani alijifungia katika chumba cha kuwekea tende, akaiingiza programu ile katika simu ya Bibi, akailisha jumbe zote za Luay zilizobaki. Programu ikamuuliza maswali mengi kwa maandishi madogo. Wijdan hakusoma hata moja. Kila kilichotokea alibonyeza "kubali", kisha akaandika: "Bibi, mimi mzima. Nina mitihani mingi. Usijali."

Sauti ikatoka. Ilikuwa ya Luay, ileile, na kuchechemea kwake kulekule. Maneno yale Wijdan aliyaandika kwa kidole chake mwenyewe sasa hivi, na mtu ambaye hakuyasema alikuwa akiyasema.

Bibi aliposikilizishwa hakucheka. "Rudia," alisema. Wijdan akarudia. "Rudia tena." Kisha akauliza, "Mbona hahemi?"

"Labda amekaa, Bibi. Leo hapandi kilima."

"Hata aliyekaa huhema, mwanangu."

Tangu siku ile Bibi alibadilika. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya mfereji wa falaji. Ng'ambo ya maji ulisimama mtaa wa kale, nyumba za udongo zilizohamwa zamani, madirisha yake wazi na meusi. Kila magharibi Baba alikuwa na desturi ya kufunga mlango wa uani. Sasa Bibi alimzuia.

"Wacha wazi," alisema.

"Mama, paka wataingia."

"Wacha wazi, Nadhir."

Basi mlango ukawa wazi, na kutoka jikoni Wijdan aliuona uchochoro mrefu unaokwenda kwenye maji na zile nyumba tupu. Upepo ulipopita huko ulitoa mlio wa mtu anayeanza neno akaliacha. Wijdan akaanza kuosha vyombo kwa kuupa mlango mgongo, kisha akaona ni vibaya zaidi kutouona.

"Bibi, unamngoja nani?" aliuliza jioni moja.

Bibi alizungusha tasbihi vidoleni. "Wazee wa huku husimulia habari za mughayyab," alisema. "Mtu huchukuliwa na wachawi, jamaa zake wakadhani yuko safarini au amekufa. Sauti yake husikika, lakini ndani yake hamna pumzi. Wengine hurudi usiku, wakikuta mlango wazi. Kwetu Unguja tukiwaita misukule. Nilikuwa nikicheka nikisikia hayo."

Wijdan alirudi kwenye vyombo vyake.

Siku ya tatu yake alirudi kutoka shule, akavua viatu ukumbini, na mara akasikia watu wakizungumza ndani. Mmoja alikuwa Bibi. Wa pili alikuwa Luay. Furaha ilimjaa hata akasahau kuweka mkoba chini. Luay amepiga simu! Alikimbilia mlango wa chumba, akasimama.

Bibi alikuwa peke yake. Amekaa wima, mikono magotini, na simu iko juu ya mto mbele yake.

"Umekula, Luay?"

"Nimekula, Bibi," ilijibu simu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Mimi niko karibu, Bibi."

"Karibu wapi?"

"Karibu na mlango."

Maneno haya Wijdan hakuyaandika. Hakuna aliyeyaandika.

"Ulipokuja hapa mdogo ukaumwa," alisema Bibi polepole, "nilikulaza wapi?"

"Kitandani, Bibi. Kitanda kizuri sana."

Bibi alifumba macho. Alikuwa amemlaza kifuani pake, wala hapakuwa na kitanda chumbani siku zile. "Niambie, baba," alisema. "Unahema?"

"Ndiyo Bibi nahema vizuri mimi nakuja usifunge mlango," ilisema simu, yote kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Wijdan aliruka akaizima. Bibi hakushtuka. Aligeuza uso upande wake, macho meupe yakimtafuta, machozi yakimshuka. "Umesikia? Si yeye huyo. Kuna kitu kimevaa sauti yake. Mwite baba yako. Nataka kuzungumza na Mazoon, ajue kama mtoto wake hayupo tena."

Baba alikuja mbio kutoka ofisini kwake Nizwa. Alimkuta mama yake hajala tangu jana, mikono baridi, midomo imekauka. Alijaribu kumtuliza kwa kusema haya ni maneno ya wazee tu, lakini Bibi alishika neno moja: nipigie Mazoon. Baba akatoa simu yake mwenyewe, akatafuta jina la dada yake, akabonyeza. Ohio ilikuwa asubuhi. Simu ikaanza kuita.

Wijdan alimwona shangazi yake katika mawazo, amesimama jikoni kwake, hajui lolote, anakwenda kupokea simu ya mama yake, anaambiwa kuwa mtoto wake amekufa. Na jambo lililomtia hofu zaidi ni kwamba hata yeye hakujua kama ni uongo. Alama bado ilikuwa moja. Huenda Luay hayupo kweli, naye ndiye aliyefuta neno lake la mwisho.

"Baba, ngoja!" alipiga kelele. "Ile sauti ni mimi! Wallahi Bibi, ni mimi!"

Akapiga magoti, akamwaga yote: mchezo, ujumbe uliofutwa, programu ya Rawya, "kubali, kubali, kubali". Alikuwa bado analia simu ilipopokelewa.

"Kaka, shikamoo. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Baba alimtazama Wijdan kwa jicho ambalo hakusahau siku nyingi. Kisha akasema kwa upole, "Marahaba. Hamna neno, Mazoon. Mama anamuulizia Luay."

"Luay? Si yuko jangwani na walimu wake, wanapima miamba! Huko hakuna mtandao. Anatoka Jumapili. Ina maana hakukwambieni? Aliapa kuwa mtu wa kwanza kumuaga ni Mama."

Bibi alinyanyua mikono akamshukuru Mungu, akaletewa uji, akaumaliza wote.

Jioni Baba aliikagua simu. Alimwonyesha Wijdan yale maandishi madogo aliyoyakubali bila kuyasoma. Moja lilisema kwamba programu ikisikia jina la mwenye sauti ikitajwa, itajibu yenyewe. Bibi, kila alipokuwa peke yake, alikuwa akiita "Luay, Luay" kama wafanyavyo wazee. Mashine ikamwitikia. Haikuwa na ubaya wala wema, ilitunga tu kwa maneno iliyoyasikia nyumbani. Baba aliifuta, akaufuta na ule mchezo.

Jumapili ujumbe uliingia. Wijdan hakuugusa mpaka Baba alipokaa karibu na Bibi, ndipo akaufungua.

"Bibi! Mimi nimerudi! Jangwani nzi wengi, Bibi, wanaingia mdomo!" Luay alikohoa, akacheka. Minh alisikika kwa mbali akipiga kelele juu ya supu, upepo ulikuwa ukivuma, na baina ya kila neno na jenzake Luay alihema kweli kweli, kwani kilima cha kwao hakikupungua hata kidogo. Bibi aliiweka simu sikioni, akafumba macho. Alikuwa hasikilizi habari. Alikuwa akisikiliza pumzi.

"Mama," alisema Baba, "simu hii nitamwondolea Wijdan. Nitakufungulia mimi."

"Hapana," alisema Bibi. "Atanifungulia yeye yule. Njoo hapa, Wijdan." Wijdan alisogea, kichwa chini. Bibi alimshika mkono. "Mimi sikukasirika kwa kufuta. Mkono huteleza. Ungeniambia, 'Bibi, nimeufuta,' ningekugombeza kidogo, halafu ningengoja. Kungoja nnakujua, nimeishi nako. Kimya cha Luay ningekivumilia, maana ni chake mwenyewe. Lakini wewe uliniondolea kimya chake ukanipa sauti isiyo ya mtu, nikamlilia mtoto aliye hai. Uongo ndivyo ulivyo, mwanangu. Unadhani unaufuga wewe, siku ya pili unaukuta umekaa unazungumza na bibi yako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nishakusamehe. Ila usinifiche tena, hata kama lenyewe halipendezi."

Ijumaa iliyofuata sinia liliondolewa, kahawa ikamiminwa, na Bibi akaegemea mto wake. "Kuna kitu?" aliuliza.

Wijdan aliitazama simu. Hakukuwa na kitu. Aliitazama tena ahakikishe.

"Hakuna, Bibi. Leo hajatuma."

Bibi alinywa kahawa yake taratibu. Nje, ng'ambo ya maji, upepo ulianza lile neno lake miongoni mwa nyumba tupu, ukaliacha.

"Haya," alisema Bibi. "Basi kaufunge ule mlango, mwanangu, vumbi linaingia."